Kumsomea Mama Mkubwa: shajara ya riwaya moja ya kurasa 624

Jumamosi, 28 Machi. Bado hatujaanza.

Juzi Alhamisi Mama Mkubwa ametolewa mtoto wa jicho, upande wa kulia. Lensi yake iliyofanya ukungu imeondolewa, imewekwa ya plastiki, na sasa ni masharti: dawa ya matone mara nne kwa siku, asiiname, asibebe ndoo, asifikiche jicho, maji yasimwingie, usiku alale na kikinga. La kushoto litafuata baada ya wiki kadhaa. Mpaka hapo herufi hazisomi. Na huyu ni mtu ambaye hata gazeti lililofungiwa vitumbua hulikunjua alisome kwanza ndipo ale. Leo baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, redio imenichosha. Nisomee kitu cha mapenzi. Kirefu."

Kirefu ninacho. Nilikinunua Mtaa wa Samora, hapa Dar es Salaam, kwa muuza vitabu vya mitumba anayepanga chini, shilingi 8,000, jalada limeliwa kona. Ni riwaya ya Kiingereza ya mapenzi ya kifantasia: falme, uchawi, vita iliyokwisha zamani, na wapenzi wawili ambao kila mmoja amebeba jeraha lake moyoni. Mama Mkubwa Kiingereza anakisikia kidogo tu. Kwa hiyo nimejipangia hivi: asubuhi kwenye basi la mwendokasi, kutoka Kimara hadi Posta, nasoma sura mbili. Jioni nashuka Magomeni Mapipa, namsimulia kwa Kiswahili. Usiku nikifika kwangu naandika nilichosimulia kwenye kaunta buku kwa herufi kubwa, ili macho yakishakaa sawa ajisomee mwenyewe. Sharti langu ni moja, lisibaki neno hata moja la Kiingereza.

Jumanne, 31 Machi. Ukurasa wa 58.

Nilisema "Paukwa!" akajibu "Pakawa!" kwa sauti iliyomleta mtoto wa jirani dirishani.

Kisa chenyewe: mwanamume ni askari, wa jamii ya viumbe wanaoishi miaka mingi sana, na alirudi kutoka vitani bila kivuli. Kivuli kilibaki kwenye uwanja wa mapigano. Usiku huja kumtafuta, na kikija humpiga yeyote aliyelala karibu naye. Mwanamke ni mganga wa miaka 26 ambaye akimgusa mgonjwa, maumivu ya mgonjwa yanahamia kwake. Kazi hiyo ameifanya tangu utotoni, hadi hajui tena maumivu yapi ni yake na yapi ya watu. Majina yao kitabuni hayatamkiki, tumeyaacha. Tunawaita Bwana Kivuli na Mganga.

Pingamizi la kwanza lilikuja chai haijapoa. "Ana miaka mingapi huyo bwana?" Mia tatu na kitu. "Na binti anamjuaje?" Alianza kumwona ndotoni. "Huyo jini mahaba, mwanangu."

Nikajua kazi yangu ni kubwa kuliko kufasiri maneno. Msomaji wa Uingereza au Marekani akikutana na kiumbe mzuri asiyezeeka anayemtaka binti wa watu, anafunua ukurasa kwa hamu. Pwani kwetu kiumbe huyo tunamfahamu na tunamwogopa. Jini mahaba ndiye husemwa yupo nyuma ya binti asiyeolewa, mke asiyeshika mimba, ndoa inayovunjika bila sababu, na watu hutoa pesa ili aondolewe. Mimi namleta sebuleni kama mchumba. Nilimwomba Mama Mkubwa ampe muda hadi sura ya tano. Akakubali, ila mlango ubaki wazi.

Ijumaa, 3 Aprili. Ukurasa wa 97.

Kitabu kinapokezana: sura hii anasema mwanamume, inayofuata mwanamke, wote kwa "mimi". Kwenye karatasi jina limeandikwa juu ya sura, hakuna tabu. Kwa mdomo ni vurugu tupu. Na hata nikiacha "mimi", Kiswahili hakimtengi mwanamume na mwanamke: akamshika, akamsukuma, akalia. Mara tatu Mama Mkubwa amenikatisha, "Aliyelia yupi?"

Leo akatafuta dawa. Alinituma sandukuni nikatoe kanga moja nyekundu ya zamani. Nikisema maneno ya Mganga naiweka begani, nikisema ya Bwana Kivuli naikunja mapajani. Sura yangu haioni vizuri, lakini ule wekundu anauona. Toka hapo hajaniuliza tena.

Mahali pamoja tu nimeiacha kanga mezani kwa makusudi. Wawili hao wametenganishwa na mlango, mmoja yuko ndani na mmoja nje, na mwandishi anasema wazi kwamba anayelia ni mwanamke. Mimi nikasema, "Akakaa chini nyuma ya mlango, akalia." Mama Mkubwa akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wote wawili hao." Kitabuni haimo hiyo, na naona ni bora kuliko iliyomo.

Jumatano, 8 Aprili. Ukurasa wa 171.

Siku ya maneno. Mwandishi ana neno moja kwa kila aliyeumia: amevunjika. Moyo umevunjika, mtu amevunjika, sauti imevunjika, hata tabasamu. Nikawa nafasiri hivyo hivyo hadi Mama Mkubwa akachoka. "Kinachovunjika ni chungu. Huyu ana nini?"

Tukakaa kuwachambua kama tunachambua mchele. Mganga ana simanzi, imekaa ndani yake muda mrefu, imetulia, haimtafuti mtu. Bwana Kivuli ana kiwewe, mlango ukigongwa mkono unakwenda kwenye upanga. Juu ya kiwewe ana kinyongo kwa mfalme aliyewatuma kule na asiende mwenyewe, na kinyongo hakifanani na simanzi hata kidogo, maana kinyongo kina mtu wake. Kuna rafiki yao mpishi, mcheshi kuliko wote, ambaye Mama Mkubwa anashikilia kwamba ana sonona na mwandishi hajaiona. Nimesoma mbele. Mwandishi ameiona, sura ya 31.

Jingine lililotusumbua ni ile kamba isiyoonekana inayowaunganisha wapenzi, ambayo riwaya za aina hii haziwezi kuishi bila kuwa nayo. Nilisema "kifungo cha roho". Mama Mkubwa akauliza wamefungwa miaka mingapi, na kwa kosa gani. Kweli, mtu akisikia kifungo anaona gereza la Keko au Segerea. Tukajaribu "agano", likatupeleka kanisani. Mwisho tumesema "uzi". Uzi unavutika, unakatika, unaungwa, na fundi akiwa mzuri kiungo hakionekani.

Kitenzi kimoja kinarudi karibu kila ukurasa, kile cha mgonjwa kupata nafuu, mganga kufanya kazi yake na kidonda kufunga, vyote pamoja. Nimeamua popote kilipo niweke "kuponya", nisonge mbele. Kurasa bado ni nyingi.

Jumatatu, 13 Aprili. Sikufika.

Mvua tangu alfajiri. Jangwani maji yamejaa, mabasi yamesimama, na bodaboda aliyekubali kunizungusha kwa Kinondoni alitaka shilingi 15,000. Nilimpigia simu nikamsimulia kurasa nne nikiwa nimejibanza chini ya kibaraza cha duka Kariakoo, mvua ikipiga bati. Alisikia nusu.

Alhamisi, 16 Aprili. Ukurasa wa 288.

Tumegombana na kitabu.

Sura ya 19. Mganga amemwambia Bwana Kivuli jina la mama yake marehemu, jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Siku mbili baadaye, mbele ya askari wenzake, yule bwana analitumia jina lile kumdhalilisha. Anamwambia kama angekuwa mganga kweli, mama yake asingekufa mikononi mwake. Kisha anamfungia nje usiku wa baridi. Sura ya 20 inaturudisha vitani, tunaona jinsi wenzake walivyouawa mmoja mmoja yeye akiwa wa mwisho, na ni wazi mwandishi anataka tulie na tumsamehe humo humo.

Kusema kweli mimi nililia, kwenye basi, tukiwa Manzese. Mama Mkubwa hakulia. "Kidonda chake nimekiona. Radhi ameomba lini?"

Nikamwambia bado. Akanikumbusha kitabu alichosoma akiwa msichana, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952. Adili analazimika kuwachapa manyani wawili kila usiku, na manyani wale ni ndugu zake. "Yule alishurutishwa na jini," akasema. "Huyu wa kwako nani kamshurutisha?"

Sina jibu. Hapa naona kasoro kubwa ya riwaya hizi, na nasema hivyo nikiwa mtu anayezipenda na aliyesoma nyingi. Mwanamume akishaonyeshwa ameumia, kila anachovunja baada ya hapo kinaandikwa kwenye hesabu ya waliomuumiza yeye. Mganga naye ameumia, mbona yeye hajamfungia mtu nje?

Nimepekua mbele. Radhi iko ukurasa wa 471. Nikasema naweza kuisogeza karibu nikisimulia, nani atajua. Akakataa kabisa. "Usimpunguzie. Afike huko kwa miguu yake."

Jumapili, 19 Aprili.

Leo hatukusoma.

Nilimkuta barazani, ameegesha kichwa ukutani. Akaniuliza kivuli cha yule bwana huja saa ngapi. Nikasema kitabu hakitaji saa, kinasema usiku wa manane tu.

"Cha Baba yako Mkubwa kilikuwa kinakuja saa tisa," akasema.

Nilijua Baba Mkubwa alipigana Vita vya Kagera, kama ninavyojua alipenda changu wa kukaanga. Vita yenyewe tulifundishwa shuleni: Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, yakadai ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, daraja la Kyaka likabomolewa, na Watanzania wakajibu hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Shuleni tulifunga daftari hapo. Mama Mkubwa wakati huo ana miaka 22 na mtoto mchanga, katika chumba kimoja cha kupanga, Magomeni hii hii.

Baba Mkubwa alikuwa mgambo. Alirudi mzima, hana hata mchubuko. Usiku wa kwanza alichukua mkeka, akautandika mlangoni, akalala ubavu uso ukielekea nje. Wa pili vilevile. Alilala hivyo miaka miwili. Ukimgusa usingizini alikukaba kabla hajafumbua macho. Alimkaba mkewe mara moja. Asubuhi alipoziona alama za vidole shingoni hakusema neno, akatoka akaenda kukaa kituo cha basi kutwa nzima, na hakupanda basi lolote. Shemeji yake ndiye alimrudisha jioni.

Wazee wakasema ana jini. Akaletewa kombe, maandiko ya zafarani yaliyooshwa kwa maji, akanywa siku saba. Mama Mkubwa hadharau. Anasema lilimsaidia kuona kwamba watu wanamhangaikia. Ila kuna kingine, kidogo, alichokigundua mwenyewe. Akitoka uani usiku, kabla hajaingia ndani, alisimama nje ya mlango na mtoto mgongoni, akapiga hodi.

"Hodi." Anangoja. "Hodi."

Chumbani kwake mwenyewe, kwa mumewe mwenyewe. Haingii mpaka asikie "karibu". Akiitika haraka aliingia haraka. Akichelewa alingoja. Upo usiku aliosimama hapo hadi adhana ya alfajiri, na wapangaji wenzie wakipita kwenda kuchota maji wakamdhania amefukuzwa.

"Nikisikia karibu najua ameitika yeye," akaniambia. "Siyo kile kingine."

Nikamuuliza ilikwisha lini. Akasema haikwisha, ilipungua. Alipopata kazi ya reli akaanza kuchoka vizuri, akarudi kitandani, upande wa ukutani. Hodi Mama Mkubwa hakuiacha. Miaka yote. Hata wodini, siku ya mwisho, alisimama pembeni ya pazia akapiga hodi kwanza.

Alijikagua mkono usije ukaenda jichoni, akaniomba leso. Nilimwekea matone ya saa kumi na mbili. Haya nimeyaandika kwa idhini yake, aliniambia, "Andika, watoto wangu wenyewe hawayajui."

Jumatano, 22 Aprili. Ukurasa wa 366.

Kurasa 30 za leo ndizo bora za kitabu kizima. Mganga amekatazwa kuyachukua maumivu ya Bwana Kivuli, maana ni mengi, yatamuua. Mtu ambaye maisha yake yote amejua njia moja tu ya kusaidia, amenyang'anywa njia hiyo. Anabaki na nini? Anachemsha maji. Anashona shati lililochanika begani, na anashona akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili aliyelala asikie yuko wapi na asishtuke. Anafika mia nne, anaanza upya. Kivuli kinakuja, kinasimama mlangoni, kinasikiliza hesabu, kinaondoka. Vita hakuna, busu hakuna.

Msomaji mwenye haraka angeziruka. Mimi nilisimulia polepole kuliko siku zote, kanga iko begani jioni nzima. Nilipofika kwenye kuhesabu, Mama Mkubwa akaanza kuhesabu nami.

"Aliyeandika hiki," akasema tulipomaliza, "ama amelala na mtu wa namna hii, ama amemuuliza aliyelala naye."

Jumanne, 28 Aprili. Ukurasa wa 480.

Radhi imeombwa, ukurasa wa 471 kama nilivyoahidi. Inafaa. Bwana Kivuli anawaita askari walewale waliosikia tusi, analitaja kosa lake kama lilivyo bila kutia vita ndani yake, kisha anamuuliza Mganga kama anaruhusiwa kulitaja tena jina la mama yake. Mganga anasema hapana, bado. Na yeye anakubali hapana ile. Mama Mkubwa aliomba nirudie. Kisha akaniambia sasa naweza kufunga mlango wa sebule.

Jumamosi, 2 Mei. Ukurasa wa 624. Tumemaliza.

Vita ya mwisho nimeifupisha, hakuna tulichokosa. Zile sura mbili za faragha nilitaka nizipitie juu juu, Mama Mkubwa akasema amezaa watoto watano, niendelee. Nikaendelea, kwa adabu, kwa maneno ya pwani ambayo yanajua kusema bila kutaja.

Ukurasa wa 601 wapenzi wanabusiana kwenye uwanja ule ule wa vita, kivuli kinatoka ardhini, kinajishona miguuni kwa bwana wake, na kila kitu kinaondoka: kiwewe, kinyongo, ndoto mbaya. Hata simanzi ya Mganga imetoweka, hatuambiwi kwa njia gani. Niliudhika. Baada ya zile kurasa 30, busu moja! Nilisimulia hivyo hivyo, sauti ikinikauka.

"Kimerudi chote?" Mama Mkubwa akauliza.

Chote.

"Na usiku ule akalala kitandani?"

Akalala.

Akatikisa kichwa taratibu. "Mwenzangu ana bahati." Hakuwa na uchungu. Nikaanza kulalamika kuhusu mwandishi, akanizuia. "Mwache. Watu wakifunga kitabu wanataka walale."

Jumanne, 12 Mei.

Jicho la kushoto limefanyiwa Alhamisi iliyopita. Masharti ni yaleyale. Madaftari yamefika matatu, nimebakiza sura tisa za kunakili.

Jumapili, 31 Mei.

Wiki hii amepata miwani ya kusomea. Lensi zile za plastiki zinampa mbali, karibu bado anahitaji msaada. Leo nimempelekea kaunta buku zote tatu zikiwa zimefungwa kwa kitambaa. Hakuanza mwanzo. Alichukua la pili, akafunua akitafuta, kidole kikipita chini ya mstari kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka akazifikia kurasa za kuhesabu. Nikaenda jikoni kuinjika chai. Niliporudi alikuwa amesimama mahali pamoja, kidole hakisogei.

"Hapa umeandika, 'Mganga akakaa naye usiku kucha, akamponya.'"

Ndiyo, Mama.

"Aliyepona nani hapa?"

Nikasoma tena. Akaomba kalamu. Akakata neno lile kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake, kwa mwandiko ule wa zamani ulioinama kulia, akaandika *akamuuguza*. Akapuliza wino, akaendelea kusoma.

Jioni nimehesabu. Neno lile liko mara 63 katika madaftari yote matatu. Baadhi ni sahihi, nyingi siyo. Kesho naanza na la kwanza.